Wagombea wanaodharauliwa katika mchujo wa urais wa Marekani: maswali tunayoulizwa Kisumu

Kila Marekani inapokaribia mchujo wa urais, maswali huanza kumiminika: kwenye vikao vya elimu ya uraia ninavyoendesha Kondele na Nyalenda, kwenye matatu za kwenda Siaya, hata kanisani baada ya ibada. Hapa nimekusanya yale yanayorudi mara kwa mara. Mengi yanazunguka jambo moja: inakuwaje mtu ambaye hakuna aliyempa nafasi anaibuka kidedea, huku waliopigiwa upatu wakifunga virago mapema? Kwa ufupi, watu huhesabu majina, pesa na umati, ilhali kinachohesabiwa mwishoni ni wajumbe.

Mchujo wa urais ni nini, na una tofauti gani na uteuzi wa vyama vyetu?

Ni uchaguzi wa ndani ya chama wa kumpata mpeperusha bendera. Marekani haifanyi mchujo huo siku moja. Kila jimbo lina siku yake, kuanzia Januari au Februari hadi Juni ya mwaka wa uchaguzi. Kura za jimbo humpa mgombea wajumbe, na wajumbe hao ndio wanaomwidhinisha kwenye mkutano mkuu wa chama.

Sisi mchujo tunaujua kwa MCA (mwakilishi wa wadi), mbunge, mwakilishi wa kike, seneta na gavana. Urais kwetu huamuliwa na wajumbe waliokusanywa ukumbini kwa siku moja. Tofauti kubwa iko hapo. Miezi mitano inampa mtu asiyejulikana muda wa kujulikana, na anaanza na majimbo madogo ambako anaweza kupiga hodi nyumba kwa nyumba bila helikopta. Siku moja ukumbini humfaa yule ambaye tayari ana wajumbe wake mfukoni.

Haya yanatuhusu nini sisi huku?

Yanatuhusu kwa sababu aliyedharauliwa kuliko wengi katika kizazi chetu ni mwana wa mtu wa Kogelo. Barack Obama alitangaza kuwania tarehe 10 Februari 2007 huko Springfield, Illinois. Alikuwa seneta wa muhula wa kwanza. Mwaka mzima wa 2007 kura za maoni za kitaifa, yaani watu wakiulizwa wangempigia nani, zilimweka nyuma ya Hillary Clinton, na tofauti haikuwa ndogo.

Iowa ilipiga kura usiku wa tarehe 3 Januari 2008, ambayo kwetu ilikuwa alfajiri ya tarehe 4. Aliyekuwa Kisumu juma hilo hahitaji kuelezwa. Matokeo ya urais wa Kenya yalikuwa yametangazwa tarehe 30 Desemba, maduka yalikuwa yamechomwa, watu walikuwa wameuawa kwa risasi, na wengi tulikaa ndani na redio. Kwenye redio hiyo hiyo ndipo habari ilipokuja kwamba Obama ameshinda Iowa kwa asilimia karibu 38, John Edwards, seneta wa zamani, na Clinton wakifuatana kwa karibu 30 kila mmoja. Jimbo ambalo zaidi ya watu tisa katika kila kumi ni Wazungu. Nakumbuka tulivyonyamaza, tusijue kama ni halali kufurahi siku kama ile. Hata leo nikizungumzia mchujo wa Marekani siwezi kuutenganisha na juma lile, na sitaki kuutenganisha. Sisi tulikuwa tumetoka kuona kura zikitiliwa shaka hadi damu ikamwagika, na kule mtu asiyepewa nafasi alihesabiwa kura zake mbele ya watu.

Hiyo kura ya Iowa ilipigwaje?

Kwa mkutano wa wanachama wa mtaa, unaoitwa kokasi. Tuchukue ukumbi mmoja wa shule usiku huo wa 2008. Nje kuna theluji. Saa moja jioni mkutano unafunguliwa. Wafuasi wa Obama wanasimama kona moja, wa Clinton kona nyingine, wa Edwards karibu na dirisha, na wale wa wagombea wadogo wanatafuta pa kusimama. Vichwa vinahesabiwa. Katika mitaa mingi, kundi lisilofikisha asilimia 15 ya waliohudhuria linahesabiwa kuwa halina nguvu, na watu wake wanaruhusiwa kuhamia kundi jingine. Hapo ndipo majirani wanapovutana mikono: njoo kwetu, wako hafiki. Wakishahama, vichwa vinahesabiwa tena, kisha wajumbe wanagawanywa.

Tazama kilichotokea hapo. Mgombea ambaye ni chaguo la pili la watu wengi anavuna kura ambazo hakuna kura ya maoni iliyomwonyesha, kwa sababu wanaouliza maswali kwa simu huuliza kwanza, "Utampigia nani?" Ni wachache wanaoendelea kuuliza, "Na huyo akitoka, utamwendea nani?"

Tena, siku ile walikuja watu ambao hawakutarajiwa. Kokasi ya Democratic, chama cha Obama na Clinton, ya 2004 ilikuwa na watu wapatao 124,000. Ya 2008 ilikuwa na karibu 239,000. Vijana na waliohudhuria kwa mara ya kwanza walijaa kumbi. Mtu anayekadiria kwa kutumia orodha ya waliopiga kura uchaguzi uliopita hawezi kuwaona watu hao.

Si huo ndio mlolongo wa Moi?

Wazee huniuliza hili kila mara, na huuliza kwa uchungu. Mwaka 1988 KANU, chama tawala cha Rais Moi, iliwapanga wanachama foleni nyuma ya wagombea au mawakala wao waliobeba picha, na aliyezidi asilimia 70 alihesabiwa ameshapita bila kupingwa. Kisha foleni fupi zikatangazwa kuwa ndizo ndefu, na hakukuwa na karatasi ya kuhesabu upya.

Kusimama hadharani kunafanana, na Wamarekani wenyewe wamelalamikia jambo hilo, kwa maana mtu anaweza kuogopa mwajiri au jirani. Upande wa Republican, chama kingine kikuu, Iowa huandika kura kwa siri kwenye karatasi. Lakini kwenye kokasi ile waliohesabiwa ndio waliohesabu, wote walikuwa chumba kimoja, na matokeo ya kila mtaa yalijulikana kabla watu hawajatoka. Hata hivyo makosa hutokea. Mwaka 2012, upande wa Republican, Mitt Romney alitangazwa mshindi wa Iowa kwa kura 8, na majuma mawili baadaye hesabu iliyothibitishwa ikamweka Rick Santorum mbele kwa kura 34. Santorum ni mfano mwingine wa mtu aliyekuwa mkiani kwenye kura za maoni karibu mwaka mzima.

Mgombea anawezaje "kushinda" akiwa wa pili?

Kwa kupita kile watu walichomtarajia. Jimmy Carter alikuwa gavana wa zamani wa Georgia, na mwaka 1975 Wamarekani wengi hawakumjua hata kidogo. Iowa ya Januari 1976, waliosema "bado hatujaamua" walikuwa wengi kuliko wafuasi wa mgombea yeyote, asilimia 37 hivi. Carter alipata kama 28. Lakini aliwashinda wagombea wenzake wote, magazeti yakamtangaza, pesa zikaanza kuingia, na Novemba akamwangusha Rais Gerald Ford.

Mwaka 1968 Eugene McCarthy, seneta aliyepinga vita vya Vietnam, alipata asilimia 42 New Hampshire. Rais Lyndon Johnson, ambaye jina lake halikuwa hata limechapishwa kwenye karatasi ya kura, alipata 49 kwa watu kumwandika wenyewe. Johnson ndiye aliyeongoza. Lakini kabla ya mwezi huo wa Machi kwisha alitangaza kwamba hatawania tena. Edmund Muskie naye alishinda New Hampshire mwaka 1972 kwa asilimia 46 dhidi ya 37 za George McGovern, akaonekana ameshindwa, kwa sababu jimbo hilo lilipakana na lake na alitarajiwa kutamba.

Je, ni haki? Mimi naona si haki kabisa. Ni waandishi wa habari wanaoweka kiwango halafu wanampima mtu kwa kiwango chao. Lakini ndivyo mambo yanavyokwenda, na mgombea asiye na jina akilijua hilo anaweza kulitumia.

Obama alimshindaje Clinton ilhali Clinton alichukua majimbo makubwa?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake liko kwenye hesabu.

Upande wa Democratic, wajumbe hugawanywa kulingana na kura. Ukishinda jimbo kubwa kwa tofauti ndogo, mwenzako anaondoka na karibu wajumbe sawa na wako. Jumanne Kuu, siku ambayo majimbo mengi hupiga kura kwa pamoja, tarehe 5 Februari 2008, Clinton alishinda New Jersey, ambako zaidi ya watu milioni moja walipiga kura. Aliondoka na wajumbe 59, Obama 48. Faida yake: 11. Siku hiyo hiyo Idaho ilifanya kokasi. Idaho ni jimbo la Republican, watu kama 21,000 tu ndio waliojitokeza, na wengi walidhani hakuna haja ya Mdemocrat kupoteza muda huko. Kundi la Obama lilikuwa limefungua ofisi na kuwapanga watu. Alipata wajumbe 15, Clinton 3. Faida yake: 12.

Watu elfu ishirini na moja wakafuta ushindi wa New Jersey yote na kubakiza mjumbe mmoja. Kambi ya Clinton ilikuwa na jina, ilikuwa na wafadhili na ilikuwa na rais wa zamani nyumbani, mumewe Bill. Kambi ya Obama ilikuwa imezisoma kanuni hadi ukurasa wa mwisho. Clinton alisitisha kampeni tarehe 7 Juni.

Na kuna jambo la South Carolina. Mwaka 2007 wapiga kura weusi wengi walikuwa bado na Clinton. Wengine walimpenda Obama lakini hawakuamini kwamba Wazungu wangempigia kura. Baada ya Iowa shaka hiyo iliyeyuka, na mwishoni mwa Januari alishinda South Carolina kwa asilimia 55 dhidi ya 27. Watu wake mwenyewe walikuwa wamemhesabia kushindwa kwa niaba ya watu wengine. Hilo "nampenda, lakini hawezi kushinda" nalisikia Kisumu kila mchujo wa MCA, na naliona ndilo linalozika wagombea wazuri kuliko rushwa.

Kanuni hiyo ya kugawana wajumbe ilitoka wapi?

Kwa sehemu kubwa ilitoka kwa watu walioshindwa. Jesse Jackson, mchungaji mweusi na mtetezi wa haki za raia, aliwania 1984 na 1988. Mara ya pili alipata karibu kura milioni saba na kushinda Michigan, jambo ambalo hakuna aliyelitabiri. Hakupata tiketi. Lakini alikuwa ameona jinsi katika baadhi ya majimbo mshindi alivyozawadiwa wajumbe kuliko kura zake, akadai mgawanyo wa haki. Tangu mchujo wa 1992 chama cha Democratic kimegawa wajumbe kwa uwiano kila mahali, kwa yeyote anayefikisha asilimia 15. Miaka ishirini baada ya Jackson, Obama alipita kwenye mlango huo.

Kabla yao alikuwepo Shirley Chisholm, mbunge wa New York, mwanamke mweusi wa kwanza kuwania tiketi ya urais ya chama kikubwa, mwaka 1972. Alidharauliwa kwa uso wake na kwa jinsia yake. Alifika mkutano mkuu na kupata kura za wajumbe 152.

Na Trump? Wataalamu walikosea wapi?

Wengi walisema wagombea wa aina yake hupanda kisha huporomoka. Alipotangaza mnamo Juni 2015, alijiunga na kundi lililofikia wagombea wakuu 17. Jeb Bush, mtoto na ndugu wa marais, alikuwa na kundi la wafuasi lililochanga zaidi ya dola milioni 100. Bush alijiondoa tarehe 20 Februari 2016 akiwa na wajumbe 4.

Kosa la kwanza lilikuwa kudhani kwamba pesa na uungwaji mkono wa vigogo vingetosha. La pili lilikuwa kusahau kwamba Republican hawagawani kama Democratic. Majimbo yao mengi humpa wa kwanza wajumbe wote au karibu wote. South Carolina Trump alipata asilimia 32.5 ya kura na kuchukua wajumbe wote 50. Waliompinga walikuwa wengi kuliko waliomtaka, lakini waligawanyika, na kila mmoja alingoja mwenzake ajiondoe kwanza. Mtu wa Kisumu au Nakuru anaielewa hadithi hiyo bila kufafanuliwa: wapinzani watano wa mbunge mmoja, wote wakiapa kwamba wako debeni hadi mwisho.

Biden naye si alikuwa makamu wa rais? Anaingiaje kwenye orodha hii?

Anaingia kwa sababu alizikwa angali hai. Mwaka 2020 alikuwa wa nne Iowa na wa tano New Hampshire, na magazeti yakaanza kuandika habari zake kwa wakati uliopita. Kisha mbunge Jim Clyburn wa South Carolina akatangaza kumuunga mkono, na tarehe 29 Februari Biden akashinda jimbo hilo kwa karibu asilimia 49. Wagombea wenzake Pete Buttigieg na Amy Klobuchar wakajiondoa na kumuunga mkono kabla ya Jumanne Kuu ya tarehe 3 Machi. Siku hiyo alishinda majimbo 10 kati ya 14. Kilichofanyika kwa siku nne tu ndicho wapinzani wa Trump walichoshindwa kukifanya kwa miezi minne.

Basi kura za maoni ni uongo?

Hapana. Ni picha ya siku moja, ya watu waliopokea simu. Kwenye mchujo zinakosea zaidi kuliko kwenye uchaguzi mkuu, kwa kuwa wagombea wote ni wa chama kimoja na mpiga kura anaweza kuhama jioni ya mwisho bila kuhisi amesaliti mtu. Machi 2016 kura za maoni za Michigan zilimpa Hillary Clinton uongozi wa pointi kama 20. Mpinzani wake Bernie Sanders akashinda jimbo hilo kwa takriban asilimia 50 dhidi ya 48.

Umati mkubwa kwenye mikutano una maana?

Kidogo sana. Hesabu waliojiandikisha.

Huku kwetu kuna waliodharauliwa wakashinda?

Wapo, ila ngazi ya chini ya urais. Nakuru, mchujo wa Jubilee wa 2017, Lee Kinyanjui alimbwaga Kinuthia Mbugua aliyekuwa gavana mamlakani, na ambaye ndiye aliyemshinda 2013. Hapa Kisumu Mashariki, Shakeel Shabir alisimama kama mgombea huru mwaka 2017 akashinda, na akashinda tena 2022 akiwa huru, katika eneo ambalo tiketi ya chama cha ODM huhesabiwa kuwa ndio uchaguzi wenyewe. Aprili 2019, David Ochieng wa chama kidogo cha MDG alishinda uchaguzi mdogo wa Ugenya dhidi ya mgombea wa ODM. Kila mmoja wao aliambiwa wimbi la suti, yaani kupigia chama kimoja kura kila ngazi, litamzoa.

Kwa urais, uteuzi wenye ushindani ninaoukumbuka vizuri ni wa ODM pale Kasarani, tarehe 1 Septemba 2007. Raila Odinga alipata kura 2,656, Musalia Mudavadi 391, William Ruto 368. Ulikuwa uteuzi wa heshima na haukuleta vurugu, lakini kwa mpango wa siku moja wale wengine wawili hawakuwa na Iowa yao ya kujaribia bahati. Fikiria kama wangepiga kura kaunti kwa kaunti, kuanzia Vihiga au Lamu.

Tunaweza kuwa na mchujo wa urais wa aina hiyo Kenya?

Sheria haikatazi chama kuwauliza wanachama wake moja kwa moja. Tatizo ni daftari. Vyama vyetu vingi havijui wanachama wake ni akina nani, na kila mtu hapa amewahi kusikia jirani aliyejikuta ameandikishwa chama asichokijua. Bila daftari safi, mchujo utakuwa mlolongo wa aina nyingine. Mimi ningependa tuanze na kaunti chache, daftari likaguliwe, matokeo yabandikwe mlangoni mwa kituo.

Asiyepata tiketi anaweza kusimama kama mgombea huru, ila Katiba, kifungu cha 85, inataka awe si mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Wengi hulijua hilo wakiwa wamechelewa.

Ninaweza kumchangia mgombea wa Marekani kutoka hapa?

La. Sheria yao inakataza raia wa kigeni kuchangia, isipokuwa wenye ukaazi wa kudumu kule. Ukiona ujumbe wa simu unaokuomba utume pesa kwa kampeni ya Marekani, usitume. Jamaa yako mwenye uraia wa Marekani anaweza kupiga kura hata akiwa Kisumu, kwa kuomba karatasi mapema kutoka jimbo alikokuwa akiishi.

Nitafuatiliaje mchujo wa 2028 bila kupotoshwa?

Usishike sana kura za maoni za kitaifa za 2027, kwa sababu hakuna mchujo wa kitaifa. Tafuta za majimbo ya kwanza. Ratiba yenyewe hubadilika: mwaka 2024 Democratic walianza rasmi na South Carolina badala ya Iowa. Uliza kila jimbo linagawaje wajumbe, halafu andika idadi kila juma. Mgombea akijiondoa, angalia watu wake wanaelekea wapi.

Kuhusu saa: vituo vya New Hampshire vikifungwa saa mbili usiku kwao, kwetu ni saa kumi alfajiri. California hufunga kwetu ikiwa saa moja asubuhi, lakini kura zao nyingi huja kwa posta na huhesabiwa hata zikifika siku kadhaa baadaye mradi zilitumwa kwa wakati, kwa hiyo usimwamini anayekutangazia idadi kamili ya wajumbe wa California asubuhi hiyo.